Maelezo na Tangazo: Kufundisha Uaminifu katika Kamusi Elezo ya Pamoja

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hutafuta maarifa ya somo lake katika mahali pawili. Kwanza hutazama kitabu cha kiada. Pili hutazama simu aliyonayo mfukoni. Kitabu kimepita mikononi mwa mwandishi, mhariri na Taasisi ya Elimu kabla ya kumfikia. Ukurasa unaosomwa katika simu huenda umeandikwa jana usiku, na aliyeuandika huenda ana faida yake katika kila neno aliloliweka. Hivyo, mwalimu asiyejua kuupima ukurasa huo atawafundisha watoto tangazo la biashara huku akidhani kwamba anawafundisha jiografia au uraia.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wanachuo mambo matatu. Jambo la kwanza ni namna kamusi elezo ya pamoja inavyoandikwa. La pili ni namna watu wa biashara na wa uhusiano wa umma walivyoitumia, kwa haki na kwa hila. La tatu ni namna ya kulifundisha jambo hilo katika darasa la tano au la sita, hata pale ambapo shule haina kompyuta wala umeme.

2. Kamusi elezo ya pamoja

Kamusi elezo inayojulikana zaidi duniani ni Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003, na miongoni mwa waandishi wake wa awali alikuwamo Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyejulikana kwa uandishi wake katika mtandao. Tofauti yake na vitabu vya namna hiyo ni kwamba msomaji yeyote aweza kubonyeza neno «Hariri», akarekebisha au akaongeza maelezo. Hakuna anayelipwa na kamusi yenyewe kwa kuandika makala. Wapo wahariri wa kujitolea waliopewa madaraka ya ziada, nao katika Wikipedia ya Kiswahili huitwa wakabidhi. Hao waweza kufuta ukurasa usiofaa au kumzuia mharibifu.

Kazi hiyo husimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni kutoegemea upande: makala yaeleze jambo lilivyo, yasilisifu wala yasilitukane. Nguzo ya pili ni uthibitisho: kila dai liwe na chanzo ambacho msomaji aweza kukitafuta, yaani kitabu, gazeti, taarifa ya sensa au utafiti. Aidha, kila ukurasa una majalada mawili ambayo wasomaji wengi hawayafungui. Moja ni historia ya ukurasa, inayoonyesha kila badiliko, siku lilipofanywa, na jina au alama ya aliyelifanya. Jingine ni ukurasa wa majadiliano, ambamo waandishi hubishana na kupatana. Mwalimu ajuaye kuyafungua majalada hayo ana silaha nzuri mkononi.

Tuitazame kata ya Iyunga, katika Jiji la Mbeya. Iyunga iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Ina shule, viwanda na maduka. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita upande huo wa jiji. Yapo mengi ya kusimuliwa. Lakini makala nyingi za kata za Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili ni fupi mno: hutaja jina la kata, wilaya au jiji, mkoa, na hesabu ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Makala ya namna hiyo huitwa mbegu, kwa kuwa hungojea mtu wa kuikuza. Basi nafasi iliyobaki tupu humwita mwalimu mwenye bidii, lakini pia humwita mwenye shule ya kulipia, mwenye nyumba ya wageni na mgombea wa uongozi. Swali letu ni hili: hao nao wana haki gani, na mpaka wao uko wapi?

3. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake

Wahenga walilijua tatizo hili kabla ya kuwako mitambo. Mtu mwenye faida katika jambo hulivuta jambo hilo upande wake, pengine bila kukusudia. Mfano mmoja ni wa mwanzilishi mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2005 ilifahamika kwamba Jimmy Wales alikuwa ameyahariri makala yanayomhusu yeye, hasa mahali palipomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake. Baadaye alisema kwamba anajutia kufanya hivyo. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe alivutwa na ngozi yake, je, mfanyabiashara?

Mwezi Januari 2006 iligunduliwa kwamba watumishi wa baadhi ya wabunge wa Marekani walikuwa wakibadilisha makala zinazowahusu mabwana zao. Katika makala ya mbunge Marty Meehan iliondolewa habari ya ahadi yake ya zamani ya kutokaa bungeni zaidi ya vipindi kadhaa. Angalieni jambo hili: hakikuandikwa uongo wowote, ukweli ndio ulioondolewa. Mtoto afundishwe kwamba hila haimo katika maneno yaliyoongezwa tu, bali hata katika yale yaliyonyamaziwa.

Mwaka 2011 magazeti ya Uingereza yalifichua kwamba wafanyakazi wa Bell Pottinger, kampuni kubwa ya uhusiano wa umma mjini London, walikuwa wakihariri makala za wateja wao kwa majina ya kujificha. Akaunti zao zilifungiwa. Kampuni hiyohiyo ilianguka mwaka 2017, baada ya kashfa nyingine ya kuendesha propaganda ya kuwagawa watu kwa rangi huko Afrika Kusini. Mwaka 2013 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti zaidi ya 250 zilizohusishwa na kampuni moja iliyouza huduma ya kuwaandikia watu makala za kuwasifu. Na mwaka 2015 zilifungiwa akaunti 381 za kundi lililofanya jambo baya zaidi: liliwafuata wafanyabiashara wadogo na wasanii ambao makala zao zilikataliwa, likawadai fedha ili makala hizo zichapishwe, kisha likawadai tena ili zilindwe zisifutwe. Huo haukuwa uandishi, ulikuwa unyang'anyi.

Hila yaweza kufanywa hata kwa picha. Mwaka 2019 tawi la Brazil la The North Face, kampuni inayouza nguo na mizigo ya wapanda milima, pamoja na wakala wake wa matangazo, walibadilisha picha za mahali mashuhuri katika Wikipedia, wakaweka picha nyingine nzuri ambamo bidhaa za kampuni zilionekana. Walikusudia kwamba mtu atafutaye mlima au hifadhi katika mtandao aone kwanza bidhaa yao. Baada ya jambo hilo kujulikana picha ziliondolewa, na kampuni ikaomba radhi. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi: mngejisikiaje kama picha ya Ziwa Ngozi au ya maua ya Kitulo ingewekwa kwa ajili ya kuuza mabegi?

4. Mifano miwili ya Afrika Mashariki

Mfano wa kwanza ni wa Kenya. Kampuni ya Mocality ilitengeneza katika mtandao orodha ya biashara za nchi hiyo kwa msaada wa wananchi wengi, waliozunguka mitaani na kuandika jina la kila duka na namba yake ya simu, nao wakalipwa kwa kazi hiyo. Haikuwa kamusi elezo kamili, lakini ilikuwa hazina ya maarifa iliyokusanywa kwa mikono mingi. Mwezi Januari 2012 Mocality ilitangaza kwamba imegundua watu waliokuwa wakichota namba kutoka katika orodha hiyo, wakiwapigia wenye maduka na kudai kwamba wanashirikiana na Mocality, ili wawauzie huduma ya tovuti. Watu hao walikuwa wakifanya kazi katika mradi wa Google. Kampuni ya Google ilikiri kwamba data zilitumiwa isivyostahili na kwamba uhusiano na Mocality ulielezwa kwa uongo, ikaomba radhi. Kuwauzia wenye maduka tovuti halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kujifanya mtu mwingine.

Mfano wa pili ni wa Google hiyohiyo, lakini sura yake ni tofauti. Mwishoni mwa mwaka 2009 iliendesha mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na washindi wakapewa zawadi. Kampuni ilikuwa na faida yake: mtandao wenye maandishi mengi ya Kiswahili huwavuta Waswahili kuutumia. Hata hivyo, mdhamini alijulikana, masharti yalitangazwa, na kila makala ilibaki wazi kurekebishwa na wengine. Kwa upande wa uaminifu, hapakuwa na la kuficha. Upungufu ulionekana baadaye, kwa kuwa zawadi zilipokwisha wengi wa washiriki hawakuendelea kuandika. Funzo lake ni kwamba fedha yaweza kuleta kurasa, lakini hailei watunzaji wa kurasa hizo.

Mifano hii miwili, tukiiweka bega kwa bega, yatupatia kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha somo letu: kuwa na faida katika jambo si dhambi, kuificha faida hiyo ndiko kunakomdanganya msomaji.

5. Lililo halali na lisilo halali

Kanuni hiyo imewekwa katika masharti ya matumizi ya Wikipedia tangu Juni 2014. Mtu anayelipwa kwa kuandika ni lazima ataje mwajiri wake, mteja wake, na uhusiano alio nao na jambo analoliandikia. Aweza kuyataja hayo katika ukurasa wake wa mtumiaji, katika ukurasa wa majadiliano, au katika muhtasari wa badiliko alilolifanya. Nacho chama cha watu wa uhusiano wa umma cha Uingereza kilitoa mwongozo wake mwaka 2012, kikiwashauri wanachama wapeleke maombi yao katika ukurasa wa majadiliano badala ya kujihariria wenyewe.

Hatuna budi kuwa waadilifu kwa pande zote mbili. Kiwanda, hospitali au shule ina haki ya kutosingiziwa. Ikiwa makala yanasema kwamba shule ilifunguliwa mwaka ambao si wake, mkuu wa shule afanye nini? Aende katika ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe kwamba ndiye mkuu wa shule, ataje kosa, na aonyeshe chanzo kilichochapishwa ambacho wengine waweza kukisoma. Kisha amwachie mhariri asiye na faida afanye uamuzi. Aweza pia kutoa picha za shule kwa leseni huru ili kila mtu azitumie. Yote hayo ni uhusiano mwema wa umma.

Yasiyo halali ni kama haya: kufungua akaunti kadhaa ili mtu mmoja aonekane watu wengi, kufuta lawama iliyo na uthibitisho, kunakili karatasi ya matangazo ya shule na kuiita makala, kulipwa na kunyamaza, na kuandika habari za mshindani kwa nia ya kumharibia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule nzuri itaandikwa na wengine.

Kwa Wikipedia ya Kiswahili uaminifu huo una uzito wa pekee. Katika Kiingereza wahariri ni wengi sana, na mara nyingi sifa za uongo huonwa upesi. Katika Kiswahili wahariri ni wachache, nazo kurasa ni maelfu mengi. Tangazo likipenya katika makala ya kata ndogo laweza kukaa kwa muda mrefu bila kuguswa, huku watoto wakilinakili katika madaftari yao. Pale penye walinzi wachache, uaminifu wa mwandishi ndio ulinzi.

6. Jinsi ya kufundisha

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja katika somo la Kiswahili. Zana ni karatasi mbili kubwa za manila, kalamu za rangi na ubao. Kompyuta si lazima.

Madhumuni: Mwishoni mwa vipindi hivi mwanafunzi aweze (a) kutofautisha sentensi ya maelezo na sentensi ya tangazo, (b) kuuliza maswali matatu ya kupima maandishi, (c) kuandika maelezo mafupi ya mahali bila kupendelea.

Hatua ya kwanza: Kulinganisha. Mwalimu aandike ubaoni vifungu viwili:

«Kimondo cha Mbozi ni bonge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Urefu wake ni mita 3 hivi. Kilianza kuandikwa katika kumbukumbu za wataalamu mwaka 1930.»

«Kimondo cha Mbozi ni ajabu isiyo na kifani duniani! Usikose kukiona, na usiku upumzike katika nyumba yetu ya wageni yenye huduma bora kuliko zote.»

Wanafunzi wataje maneno yanayoweza kupimwa na yale yasiyoweza kupimwa. Mita zaweza kupimwa. Mwaka waweza kutafutwa katika kitabu. Je, «isiyo na kifani» hupimwa kwa kitu gani? Na neno «yetu» katika kifungu cha pili lamtaja nani? Mwalimu asiwape jibu upesi. Neno hilo dogo ndilo linalomfichua mwandishi, na yafaa walione wenyewe.

Hatua ya pili: Maswali matatu. Darasa liyatunge kwa msaada wa mwalimu, kisha yaandikwe katika karatasi ya kwanza ya manila na kubandikwa ukutani: Nani anasema? Anapata nini tukimwamini? Ushahidi uko wapi? Wanafunzi wayajaribu maswali hayo juu ya tangazo la redio, bango la barabarani na ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada. Kitabu nacho kisiachwe, ili wasidhani kwamba kupima ni kwa adui peke yake.

Hatua ya tatu: Kamusi ya ukutani. Karatasi ya pili igawanywe kwa mstari. Sehemu pana ni ya makala. Sehemu nyembamba ya pembeni ni ya historia. Makala yahusu kata yenu; kwa shule ya Iyunga, yawe ya Iyunga. Kila kikundi kiongeze sentensi moja, na pembeni kiandike tarehe, jina la kikundi na chanzo chake: «tumemwuliza ofisa mtendaji wa kata», «tumesoma katika kitabu». Neno likirekebishwa lisifutwe kabisa, bali likatwe kwa mstari mmoja ili badiliko lionekane.

Hatua ya nne: Mwenye duka. Mwalimu akiite kikundi kimoja kando na kukipa kazi ya siri: wao ni wenye Duka A, nao wanataka kulisifu duka lao katika makala bila kujulikana. Baada ya sentensi yao kuingizwa, darasa liyatumie maswali matatu kuitafuta. Ikipatikana, kikundi hicho kijitambulishe, na darasa lijadili: je, duka hilo lisitajwe kabisa? Likitajwa, kwa maneno gani? Mara nyingi wanafunzi hupatana juu ya sentensi ya namna hii: «Katika mtaa huu kuna maduka, na mojawapo ni Duka A.» Hapo wamekwisha kugundua kwa akili zao wenyewe mpaka uliopo kati ya kueleza na kutangaza.

Tathmini: Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya soko, zahanati au mto ulio karibu na kwao. Mwalimu apime ukweli na uthibitisho kwanza, kisha ufasaha wa lugha. Mwanafunzi aliyeandika «sijapata chanzo cha jambo hili» asinyang'anywe alama. Ametimiza jambo ambalo watu wazima wengi hawalitimizi.

7. Mwalimu mwenyewe

Wanachuo wakumbuke kwamba jambo hili litawafikia wao kabla ya kuwafikia wanafunzi wao. Mwalimu kijana ajuaye kutumia mtandao huenda akaitwa na mwenye shule, akaambiwa: «Mwalimu, wewe unayajua mambo haya. Tuandikie katika Wikipedia kwamba sisi ndio shule bora ya mkoa.» Yule ni mwajiri wake, mshahara uko mkononi mwake. Kukataa kwa ukali ni vigumu, na kukubali ni kuwadanganya wazazi watakaousoma ukurasa huo wakichagua shule ya kuwapeleka watoto wao, pengine kwa fedha za mavuno ya mwaka mzima.

Ipo njia ya tatu, yenye adabu. Mwalimu amweleze kwamba kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na kwamba sifa ya kujipa mwenyewe ikigunduliwa huiaibisha shule kuliko kunyamaza. Kisha ajitolee kufanya lililo halali: kukusanya tarehe, picha na habari zilizochapishwa, kuziweka katika ukurasa wa majadiliano, na kuandika wazi kwamba yeye ni mwajiriwa wa shule hiyo. Sifa za shule ziwekwe katika tovuti ya shule au katika tangazo la gazeti, mahali ambapo kila msomaji anajua kwamba anasoma tangazo.

8. Hitimisho

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zetu zilee akili ya kudadisi. Wakati ule udadisi ulielekezwa kwa kitabu na kwa mhadhara. Leo hauna budi kuelekezwa pia kwa ukurasa usio na jina la mwandishi. Kamusi elezo ya pamoja ni kama kisima cha kijiji: kila mtu ana ruhusa ya kuchota, na kila mtu ana wajibu wa kutokitia takataka. Biashara yaweza kujengea kisima hicho ukuta na kuandika jina lake juu ya ukuta huo, nasi tutaishukuru. Isiyotie maji rangi yake.

Mazoezi kwa wanachuo:

(a) Fungua makala ya kata au wilaya unakotoka katika Wikipedia ya Kiswahili. Soma historia ya ukurasa na ukurasa wa majadiliano. Je, kuna sentensi isiyo na chanzo? Kuna sentensi inayouza kitu?

(b) Andaa andalio la somo kwa hatua nne zilizoelezwa hapo juu, ukitumia mahali palipo karibu na shule utakakofanyia mazoezi ya kufundisha.

(c) Jadilini katika vikundi: Mkuu wa shule amekuta katika makala ya shule yake lawama iliyo kweli na yenye uthibitisho. Ana haki ya kufanya nini, na jambo gani halimfai?